Mombasa na Mtoto Mdogo: Panga Safari Bila Kugusa Karo ya Januari

Mtoto wa miaka minne hajali hoteli ina nyota ngapi. Anachotaka ni treni, mchanga, maji ya bahari na mtu wa kumshika mkono. Anayeumwa na kichwa ni mzazi, kwa sababu ndiye atakayerudi nyumbani Januari na kukuta karo, sare, vitabu na kodi ya nyumba vimepiga foleni mlangoni.

Kila mwaka kuna familia zinazoenda Pwani zikicheka na kurudi zikikopa. Si kwamba Mombasa ni ghali kupita kiasi. Ni kwamba safari ilianza kabla ya hesabu. Hapa tunapitia hesabu yenyewe, hatua kwa hatua: jinsi ya kuweka pesa, kulipia nauli na nyumba bila kuibiwa, na kutumia simu yako ukiwa mjini na mtoto begani.

Anza na Januari, si na Desemba

Kabla hujauliza bei ya chumba, andika kile ambacho lazima kilipwe Januari: karo ya muhula wa kwanza, kodi, nauli ya kwenda kazini na chakula cha wiki mbili za kwanza. Jumlisha. Hiyo pesa ndiyo ya kwanza kutengwa, na haiguswi hata kama treni imejaa na umebaki na ndege tu.

Kitakachobaki ndicho cha safari. Kama hakibaki kitu, safari inaweza kusogezwa hadi Aprili au Agosti shule zikifungwa. Bahari haihami. Na kama mtoto wako hajaanza shule, una bahati ambayo wengi hawana: unaweza kwenda wakati wenye watoto wakubwa wako darasani, nyumba ziko wazi, na mwenye nyumba yuko tayari kushuka bei.

Hesabu ya familia ya watu watatu

Tuchukue mfano wa baba, mama na mtoto wa miaka minne, wanaotoka Nairobi na kulala Mombasa usiku nne. Nauli ya treni tumeipata kutoka viwango vilivyoanza Januari 2024. Hivyo vingine ni makadirio ya kukuonyesha njia, wewe weka bei zako.

- Treni kwenda na kurudi, daraja la kawaida: 7,500
- Kufika stesheni na kutoka stesheni, pande zote mbili: 4,000
- Nyumba, usiku nne kwa 4,500: 18,000
- Chakula, siku tano kwa 2,000: 10,000
- Viingilio na michezo ya mtoto: 5,000
- Tuktuk na matatu za mjini: 3,000
- Akiba ya dharura: 6,500

Jumla ni shilingi 54,000. Ukianza kuweka mwezi wa Juni hadi Novemba, ni 9,000 kwa mwezi. Kwa anayepata pesa kila siku au kila wiki, ni kama 2,100 kwa wiki. Hapo mlima umekuwa ngazi.

Usiifute ile akiba ya dharura ili jumla ipendeze. Ukiwa na mtoto mdogo, dharura si jambo la "labda". Ni homa ya usiku, kiatu kilichobebwa na maji, au tuktuk ya ghafla mvua ikinyesha. Ikibaki, nzuri, inaingia kwa karo.

Weka pesa mahali ambapo mkono haufiki haraka

Pesa iliyo kwenye salio la kawaida ina marafiki wengi. Leo ni harambee, kesho ni tokeni za stima. Tumia mfuko wa akiba ulio kwenye menyu ya huduma yako ya pesa kwa simu, na ikiwezekana ule wa kufunga hadi tarehe fulani. Upe jina, kwa mfano "Mombasa". Utashangaa jinsi jina tu linavyokuzuia kuutoboa.

Kama mnaweka wawili, kubalianeni siku moja ya kutuma, labda siku ya mshahara au Jumatatu asubuhi kabla ya matumizi kuanza.

Kisha, jambo ambalo wengi hawalijui hadi liwakute: kama laini yako ina deni la ile huduma ya kujaziwa salio likipungua, pesa yoyote inayoingia hukatwa deni kwanza. Kwa hivyo mwenzako akikutumia 5,000 ya safari, huenda ukaona 3,200. Maliza deni kabla ya kuanza kuweka, na usipange safari kwa kutegemea mkopo wa simu. Mkopo wa siku chache hauwezi kulipia raha ya Desemba. Januari utaulipa ukiwa umesahau ile raha yenyewe.

Treni: nunua mapema, nunua mwenyewe

Madaraka Express ilianza kubeba abiria mwaka wa 2017, na kwa familia yenye mtoto mdogo ina faida kubwa: kuna choo ndani, mtoto anaweza kusimama na kutembea, na ikipita Tsavo anaweza kuona ndovu dirishani bila nyinyi kulipa kiingilio cha mbuga.

Daraja la kawaida ni shilingi 1,500 kwa mtu mzima kwenda upande mmoja, na daraja la kwanza ni 4,500. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hupakatwa bila malipo, na wa miaka mitatu hadi 11 hulipa nusu. Ndiyo maana kwenye hesabu yetu wazazi wawili ni 6,000 kwenda na kurudi, na mtoto ni 1,500.

Tiketi hununuliwa kwa *639# au kwenye tovuti ya Shirika la Reli, na unalipa kwa simu. Tiketi hubeba jina la msafiri na nambari ya kitambulisho. Kwa hivyo mtu akikuambia mtandaoni kwamba ana tiketi za ziada za tarehe 22, umtumie pesa kwa namba yake, jua unanunua hewa. Nunua ya kurudi siku ile ile unaponunua ya kwenda. Wengi hukwama Mombasa kwa sababu waliwaza ya kwenda tu.

Kuhusu saa, fikiria mtoto kwanza. Treni ya asubuhi ya saa mbili husimama vituo vya njiani kama Emali, Mtito Andei na Voi, lakini inakupa mwanga wa kutazama nje. Ya alasiri huwafikisha jioni, mtoto akiwa amechoka na yuko tayari kulala. Ile ya saa nne usiku huonekana kama ujanja wa kuokoa pesa ya kulala, hadi mjikute Miritini kabla ya alfajiri, mtoto analia na nyumba mliyolipia haifunguliwi hadi mchana.

Stesheni ya Nairobi iko Syokimau na ya Mombasa iko Miritini, zote mbali na katikati ya mji. Fika angalau saa moja na nusu mapema. Kuna ukaguzi wa mizigo na mbwa wa polisi hunusa mabegi. Mtoto anayeogopa mbwa aambiwe mapema: "Huyo mbwa yuko kazini, atanusa mabegi, hatatugusa." Beba maji, matunda, nguo moja ya kubadilisha na nepi au kipoti ikiwa bado anahitaji.

Nyumba: hapa ndipo pesa hupotea

Kuanzia Novemba, picha za nyumba nzuri za Nyali na Bamburi hujaa kwenye mitandao. Nyingi ni za kweli. Nyingine ni picha zilizochukuliwa kwa tangazo la mtu mwingine, na anayekujibu hajawahi hata kuivuka daraja la Nyali.

Dalili huwa ni zile zile. Bei iko chini sana kuliko za majirani. Kuna haraka: "Kuna mtu mwingine anataka kulipa sasa hivi." Hataki simu ya video, anatuma video tu. Na anataka deposit ya nusu au yote kwa namba ya kibinafsi yenye jina lisilofanana na lile alilojitambulisha nalo.

Fanya hivi kabla ya kutuma hata shilingi:

1. Omba simu ya video akiwa ndani ya nyumba. Mwambie afungue jokofu, awashe bomba, kisha atoke hadi kwenye lango. Mwenye nyumba halisi atacheka na kufanya. Tapeli atakuwa na "network mbaya".
2. Kama una shangazi, binamu au mtu mliyesoma naye anayeishi Mombasa, mwombe apitie. Nauli ya matatu utakayomtumia ni ndogo kuliko deposit.
3. Uliza maswali ya mzazi: iko ghorofa ya ngapi? Balkoni ina vyuma vilivyokaribiana? Kuna bwawa la kuogelea lisilo na ua? Madirisha yana neti ya mbu? Anayeijua nyumba atajibu papo hapo.
4. Lipa kwa till au paybill ya biashara inapowezekana. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini. Likiwa si lile mlilokubaliana, simama. Usiambiwe "hiyo ni ya ndugu yangu, ni sawa tu".
5. Toa deposit ndogo, na umalize ukishafika na kuiona.
6. Hifadhi ujumbe wa malipo na mazungumzo yote. Andika kwa ujumbe mfupi: tarehe, usiku ngapi, bei, na nini kitatokea mkishindwa kusafiri. Mtoto anaweza kuamka na tetekuwanga siku ya safari, kwa hivyo swali la kurudishiwa pesa si la kuchokozana.

Ukigundua umetuma pesa kwa namba isiyo sahihi au kwa tapeli, usipoteze dakika ukibishana naye. Omba kurudishiwa kupitia menyu rasmi au huduma kwa wateja mara moja. Pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi ngumu. Kisha ripoti polisi ukiwa na nambari ya muamala.

Mjini: jambo moja asubuhi, jambo moja jioni

Kosa kubwa la ratiba za familia ni kuzijaza kama za watu wazima. Mtoto mdogo ana saa mbili nzuri asubuhi na mbili jioni. Katikati kuna jua la Mombasa, chakula na usingizi. Panga hivyo, na hata pesa itatosha.

Fort Jesus ni ya asubuhi. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, na UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2011. Mtoto hatajali tarehe hizo, lakini atapenda mizinga na mifupa mikubwa ya nyangumi. Mshike mkono mkiwa juu ya kuta. Ukitoka hapo, uko Mji wa Kale: milango ya nakshi, vichochoro vyembamba, na harufu ya mahamri na kahawa. Angalia tuktuk na pikipiki, maana vichochoro hivyo havina njia ya miguu.

Maeneo yaliyo chini ya serikali siku hizi hulipiwa kupitia eCitizen, na paybill ya serikali ni 222222. Fungua akaunti ya eCitizen ukiwa nyumbani, usisubiri kufika langoni ukiwa na mtoto anayetaka choo na simu yenye chaji ya asilimia nne.

Haller Park, Bamburi, ni ya jioni. Zamani palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, pakabaki mashimo matupu ya mawe. Mwaka wa 1971 René Haller alianza kupanda miti, na mivinje ndiyo iliyoshika kwanza. Leo ni msitu wenye wanyama. Hapa ndipo alipoletwa Owen, kiboko mchanga aliyeachwa peke yake baada ya tsunami ya Desemba 2004, akamfuata kobe mzee aitwaye Mzee kama mama yake. Msimulie mtoto hadithi hiyo njiani, na atakuwa na sababu ya kuwatazama kobe kwa makini. Kuna saa maalum za kulisha twiga kwa mkono. Piga simu uliza kabla ya kulipia usafiri.

Kuna raha zisizo na kiingilio pia. Kivuko cha Likoni hakimtozi pesa mtu wa miguu, na kwa mtoto, kuvuka kwa feri kwenda na kurudi ni safari kamili ya meli. Epuka saa za watu kwenda na kutoka kazini, na mbebe, usimwache atembee kwenye msongamano. Jioni nenda Mama Ngina Waterfront: upepo wa bahari, meli zikiingia bandarini, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na mabuyu mekundu yatakayompaka mtoto hadi masikioni.

Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao wengi huuita Pirates, nao ni wa bure. Uliza wenyeji saa ya maji kupwa na maji kujaa, kwa sababu hubadilika kila baada ya saa sita hivi na kila siku husogea mbele karibu dakika 50. Maji yakipwa, mtoto hupata vidimbwi vya kuchezea, lakini mvishe viatu kwa sababu ya miiba ya urumbu na mawe makali. Yakijaa, kaa umbali wa mkono mmoja kutoka kwake. Na pale ufuoni, boya, ngamia na mpiga picha vyote vina bei kabla na bei baada. Kubaliana kabla: "Kaka, picha tatu ni pesa ngapi? Tatu tu." Kisha lipa na uonyeshe ujumbe.

Kulipa ukiwa mjini

Duka, mkahawa na hata muuza madafu wengi wana till. Mara nyingi kulipa kwa till hakumkati mnunuzi ada, ilhali kutoa pesa kwa wakala kuna ada kila mara. Kwa hivyo lipa kwa till unapoweza. Ukihitaji pesa taslimu, toa mara moja kiasi cha siku mbili badala ya kutoa 300 mara tano. Beba sarafu na noti ndogo kwa matatu na tuktuk.

Gawa pesa kwa laini mbili. Baba awe na nyumba na usafiri, mama awe na chakula na dharura, au vile mtakavyoona. Simu moja ikiingia baharini, familia haijazama nayo. Kama unasafiri na mtoto peke yako, acha sehemu ya akiba kwa ndugu unayemwamini akutumie ukihitaji, au kwenye benki.

Mtoto akitaka katuni kwenye foleni, mpe simu isiyo na laini ya pesa, au funga skrini kwa ile programu moja tu. Na usiweke PIN huku amekaa mapajani anatazama. Watoto wa miaka minne hukariri mambo ambayo hatukuwafundisha, kisha huyatangaza kwa sauti ndani ya matatu.

Simu ikipotea au ikiibiwa, piga huduma kwa wateja kutoka simu yoyote na ufunge laini hapo hapo, kabla ya kuanza kuitafuta. Na mtu akikupigia akisema pesa yake imeingia kwako kimakosa umrudishie haraka, tazama salio lako kwanza. Kama kweli imeingia, mwambie afuate njia rasmi ya kurudishiwa. Hakuna mfanyakazi yeyote wa huduma hii atakayekuomba PIN, hata awe na sauti tamu kiasi gani.

Afya kabla ya raha

Pwani kuna malaria, na watoto wa chini ya miaka mitano ndio huumizwa zaidi. Mtoto aliyekulia Nairobi au sehemu za juu mwili wake haujaizoea. Zungumza na kliniki kabla ya safari, lalisha chini ya neti, na mvishe mikono mirefu giza likiingia. Akipata homa mkiwa huko, au wiki chache baada ya kurudi, mpeleke hospitali na useme wazi: "Tulikuwa Mombasa." Maneno hayo mawili yanaweza kumfanya daktari apime mapema.

Beba kadi yake ya bima na kijitabu cha kliniki, hata kama ni picha kwenye simu. Maji ya kunywa awe nayo kila wakati, na kofia isibaki nyumbani.

Usiku wa kuamkia safari

Piga msasa mambo haya: tiketi za kwenda na kurudi ziko, mwenye nyumba amethibitisha kwa simu, eCitizen inafunguka, pesa iko kwa laini mbili, vitambulisho na cheti cha mtoto viko begini, chaji ya kubeba imejaa, na ule mfuko wa Januari bado umefungwa, haujaguswa.

Huo wa mwisho ndio utazame mara mbili. Ukiwa salama, basi hata mtoto akiangusha aiskrimu ya pili mchangani, utanunua ya tatu bila kukunja uso.